KISU KIKUBWA CHA KUKUNJA: UIMARA WAKE NA UDHAIFU WAKE

Leo tutazungumza juu ya chombo kidogo ambacho wengi wenu mnacho mfukoni hivi sasa mnaponisikiliza, lakini hakuna mtu anayefika kijijini kuwaeleza habari zake. Jembe lina Bwana Shamba wake, plau ina fundi wake, hata bomba la kunyunyizia dawa huja na karatasi ya maelezo. Kisu cha kukunja huja peke yake ndani ya karatasi ya nailoni, na anayekinunua hujifunza kwa kujikata.

Wakulima wa Muze, kule Bonde la Rukwa chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa, wanauliza hivi: je, kisu kikubwa cha kukunja kinatosha kuwa kisu cha pekee cha mkulima, au ni kupoteza fedha tu? Swali ni zuri. Mtu wa Muze akitoka asubuhi kwenda kwenye jaruba lake la mpunga au shamba la ufuta harudi mpaka jioni. Hawezi kubeba jiko zima. Anataka kisu kimoja kitakachokata kamba ya katani, kitakachofungua mfuko wa mbolea, kitakachomenya muhogo wa mchana na kupasua embe. Jibu letu ni kwamba kisu hicho kinafaa sana, mradi kazi yake iwe ni kukata. Kikishatiwa katika kazi ya kuchoma, kuchokonoa au kupiga, kinageuka kuwa adui wa vidole vyako. Sababu zake ndizo tutakazozieleza.

Kwanza tukubaliane tunasema kisu gani. Kisu kikubwa cha kukunja ni kile ambacho bapa lake lina urefu wa kuanzia sentimita 9 hivi mpaka 12. Cha chini ya hapo ni cha kukata kucha na kuchongea penseli. Na kumbuka kwamba mpini wa kisu cha kukunja lazima uwe mrefu kupita bapa, maana bapa lenyewe linalala ndani yake. Kwa hiyo kisu chenye bapa la sentimita 12, hata kikikunjwa, ni kirefu kuliko kiganja. Ukivaa kaptula na kuchuchumaa kwenye jaruba, kinachomoka mfukoni bila wewe kujua. Kifunge kamba, kamba uifunge kwenye mkanda, na ukipenda tia kitambaa chekundu kwenye kamba hiyo. Visu vingi havifi kwa kutu. Vinafia kwenye matope.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba makali yamefunikwa bila ala. Unaweza kupanda baiskeli, kukwea mwembe, au kuinama juu ya maksai kufunga nira, na makali hayamgusi mtu. Vilevile makali yaliyofichwa hayagongani na sarafu wala misumari mfukoni, kwa hiyo yanadumu na ukali wake. Kisu cha jikoni kilichofungwa kwenye gunia hakina raha hiyo.

Sasa tuje kwenye udhaifu, na hapa nitakaa kidogo.

Wazee wa Ufipa walikuwa wahunzi wenye sifa. Tanuri zao ndefu za udongo, malungu, zilipita kimo cha mtu. Ziliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo uliojivuta wenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kisha chuma kile kilisafishwa kwenye tanuri ndogo iliyofukutwa. Mabaki ya malungu bado yanaonekana huko nyanda za juu, ingawa kazi yenyewe ilikoma katika karne iliyopita, baada ya majembe ya dukani kuenea. Kisu cha mhunzi wa namna hiyo kilikuwa na mkia wa chuma uliopigiliwa ndani ya mpini wa mti. Nguvu ya mkono ilitoka kwenye mpini ikaingia moja kwa moja kwenye chuma. Kisu cha kukunja hakina mkia. Nguvu yako yote inapita kwenye bawaba, na bawaba yenyewe imeshikwa na pini moja, nene kama msumari wa kawaida. Uzito wote wa mkono wako uko juu ya pini hiyo.

Kwa hiyo angalia nguvu inaelekea wapi. Unapokata kamba kwa kuivuta kwenye makali, nguvu inalisukuma bapa lizidi kufunguka, nalo linaegemea kituo chake. Hapo hakuna hatari. Unapochoma kitu kwa ncha na ncha ikakwama, au unapopiga mgongo wa kisu, nguvu inalisukuma bapa lijikunje. Na likijikunja, linajikunja upande ule ule ambao vidole vyako vinne vimeuzunguka mpini. Na unapochokonoa, kwa mfano kufungua kopo au kung'oa jiwe kwenye kwato, unaipinda pini pembeni. Siku ile kisu kitavumilia. Lakini tangu siku hiyo bapa litaanza kucheza.

Wako watakaosema, "Changu kina kufuli." Haya, tuziangalie kufuli zenyewe.

Visu vingi vya bei nafuu havina kufuli kabisa. Vina springi mgongoni inayolibana bapa, basi. Unasikia "ta!" kinapofunguka na unadhani kimefungwa, kumbe kimebanwa tu, na kidole kimoja kinatosha kukikunja.

Kuna visu vyenye pete. Aina inayojulikana zaidi katika Afrika ni Okapi, na historia yake inatuhusu. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, vikikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani Afrika, nasi wakati huo tulikuwa mojawapo. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Okapi ina mpini wa mti, bapa la chuma kinachoshika kutu, na springi yenye pete mgongoni. Unapofungua, meno yanalia mfululizo, kra-kra-kra, kisha springi inaingia kwenye pengo na kulizuia bapa. Ili kukunja unaivuta pete. Ni kufuli ya kueleweka. Fundi yeyote akiitazama anajua inavyofanya kazi. Ubaya wake ni kwamba springi ikichakaa, au pengo likijaa uchafu, inaonekana imeingia kumbe imeshika ncha tu. Tena mlio ule umekipa kisu hicho jina baya huko Afrika Kusini, maana ulizoeleka kuwa mlio wa magomvi. Mkulima muungwana anafungua kisu chake taratibu, na hakipeleki kilabuni.

Aina nyingine ni ile yenye kikuku shingoni, ambayo unaizungusha baada ya kufungua. Mfano wake ni Opinel ya Ufaransa, iliyobuniwa mwaka 1890 katika nchi ya milima, nayo ilitiwa kikuku hicho mwaka 1955. Hupimwa kwa namba: namba 8 ina bapa la sentimita 8 na nusu, namba 12 ina sentimita 12. Ni kisu chepesi, chembamba, kinachokata vizuri mno. Lakini mpini wake wa mti ukilowa maji huvimba na kuliuma bapa, usiweze kulifungua mpaka mti ukauke. Kwa mtu wa mahindi si neno. Kwa mtu anayeshinda kwenye mpunga, hiyo ni kero ya kila siku.

Tatu, kuna visu vyenye ulimi wa bati ndani ya mpini, unaoruka na kusimama nyuma ya bapa. Ndivyo vinavyojaa siku hizi kwenye magulio, vinang'aa, na vingine vina tochi. Ulimi mnene ni mzuri. Ulimi mwembamba kama kifuniko cha soda usiuamini hata kidogo.

Kwa hiyo ukienda kununua usitazame mng'aro. Fungua kisu, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mwingine, kisha tikisa kushoto na kulia. Kikicheza kikiwa kipya, kitacheza zaidi kikiwa kizee. Kikunje utazame kama bapa linalala katikati ya mpini au linakwaruza upande mmoja. Halafu ijaribu kufuli: shika mpini kwa kuubana pembeni, vidole vyote viwe nje ya njia ya makali, na ugonge mgongo wa bapa polepole kwenye ubao, mara tatu au nne. Kikijikunja, mrudishie mwenyewe. Muuzaji kijana alimwambia mzee mmoja gulioni, "Mzee, hiki hakijikunji hata ukipigie mti." Mzee akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Basi kipige wewe, na vidole vyako uviweke hapo." Kijana akacheka, akatoa kingine chini ya meza. Hicho cha chini ya meza ndicho kilichokuwa kisu.

Na vile visu vyenye vifaa kumi na viwili, kijiko, uma, msumeno na kizibuo? Asili yake ni visu vya askari wa Uswisi, ambavyo tangu mwaka 1891 vilikuwa na kifaa cha kufungulia kopo na bisibisi ya kufungulia bunduki. Kwa askari yule lilikuwa jambo la maana. Mkulima, kila kifaa unachoongezewa ni bawaba nyingine ya kuingia mchanga.

Hapo tunafika kwenye uchafu, na jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kisu cha jikoni unakiosha, unakifuta, basi. Kisu cha kukunja kina chumba kizima ndani ya mpini. Ukipara samaki wa Ziwa Rukwa, utelezi wake unaingia humo. Ukichinja kuku, damu na mafuta vinaingia humo. Kesho unamenyea embe la mtoto kwa kisu hicho hicho. Kwa hiyo nyama na samaki viwe na kisu chao cha mpini wa kudumu, kinachoweza kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Ikitokea lazima utumie cha kukunja, kifungue, kisugue ndani kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kisha kianike kikiwa wazi.

Na mnyama aliyekufa ghafla, hasa mwenye damu isiyoganda puani au mkunduni, usimpasue kwa kisu chochote. Huenda ni kimeta, na kimeta kinaua watu. Mwite Bwana Mifugo. Kisu kilicho karibu mfukoni kina ubaya huu mmoja, kwamba mkono unakwenda huko kabla kichwa hakijafikiri.

Ni hivyo hivyo kwa ng'ombe aliyevimba tumbo. Wako wafugaji wanaochomoa kisu cha mfukoni na kumchoma ubavuni ili hewa itoke. Hiyo ndiyo kazi mbaya kuliko zote kwa kisu cha kukunja, maana unachoma kwa nguvu, ngozi ni ngumu, na mnyama anaruka. Unaweza kupoteza ng'ombe na vidole kwa pigo moja. Tena kuna chuma maalumu chenye mrija kwa kazi hiyo, na Bwana Mifugo anakijua. Mtu akiwa njiani kumwita, msimamishe ng'ombe miguu ya mbele ikiwa juu kwenye kilima, na umnyweshe mafuta ya kula, ya alizeti yanafaa, kiasi cha robo lita mpaka nusu lita kwa ng'ombe mkubwa. Mnyweshe polepole, bila kumwinua kichwa sana, yasije yakaingia mapafuni.

Wenye migomba nao wasikilize. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao ulionekana mkoani Kagera miaka ya 2005 na 2006, unabebwa na kisu. Unakata mgomba mgonjwa, utomvu unabaki kwenye makali, unakata mzima, umekwisha uambukiza. Wataalamu wanashauri kisu kipitishwe motoni baada ya kila mgomba, au kitiwe kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo vitano vya maji. Sasa kisu cha kukunja kinashindwa pande zote mbili. Moto unaunguza mpini na kuharibu ugumu wa chuma. Ukiona rangi ya samawati imetokea kwenye bapa, ujue ugumu umekwenda, na hata ukinoa makali hayatakaa. Dawa nayo inaingia kwenye bawaba na kuleta kutu, na utomvu uliojificha ndani hauguswi. Kwa hiyo migombani peleka panga au kisu cha kawaida. Na kuondoa ua dume hakuhitaji kisu hata kidogo: tumia mti mrefu wenye panda, ulizungushe ua mpaka livunjike. Mti haupiti kwenye utomvu kama makali yanavyopita.

Kubebesha miembe pia si kazi yake. Bapa la kisu kikubwa ni nene mgongoni, linapasua kikonyo badala ya kukikata laini, na kidonda kisicho laini hakishikani. Tumia kisu chembamba cha kazi hiyo, au wembe mpya.

Sasa utunzaji. Bondeni kuna joto na jasho, na jasho lina chumvi. Mbolea nayo ni chumvi. Ukifungua mfuko kwa kisu na kukirudisha mfukoni bila kukifuta, baada ya siku chache utaona madoa mekundu. Kifute kila jioni kwa kitambaa kikavu. Juu ya bapa pakaza mafuta kidogo ya kula, maana utakatia chakula. Lakini kwenye bawaba usitie mafuta ya alizeti. Najua mkoa wa Rukwa una alizeti nyingi na mafuta hayo yako kila nyumba, ila yakikaa hewani yanageuka gundi, yanashika vumbi, na kisu kinakuwa kigumu kama mlango uliovimba. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha mwezi mzima.

Kunoa ni kazi ya subira. Tumia kinoo chenye maji, si tupa, wala si jiwe la umeme linalotoa cheche, kwa kuwa cheche ni moto na habari ya moto tumeishaisema. Laza bapa juu ya kinoo, kisha inua mgongo wake kiasi cha unene wa penseli. Hiyo ndiyo pembe inayofaa kwa bapa lenye upana wa sentimita 2 hivi. Vuta kama unayetaka kukata ganda jembamba juu ya jiwe, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Kisu butu ni cha hatari kuliko kikali, maana unakisukuma kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayokikunja.

Wakati wa kukikunja, tumia mikono miwili. Usikikunje pajani kama vijana wanavyofanya kwa kujionyesha. Na kama ajali imetokea, bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya kifua, endelea kubana bila kufunua funua, na uende zahanati upate kusafishwa na kuulizwa habari ya chanjo ya pepopunda. Usitie udongo, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Kidole kisichokunjika baada ya kukatwa huenda kimekatika mshipa wa kukivutia, na huo hujishonei nyumbani, wala haungoji wiki moja.

Baki ni pini. Kisu kikianza kucheza, weka kichwa cha pini juu ya chuma kigumu na ugonge upande wa pili kwa nyundo ndogo, pigo jepesi, jaribu, pigo jingine. Ukizidisha hakitafunguka. Kama ni kufuli iliyolika, hilo haligongwi, na kisu hicho kisiendelee kukunjwa. Mpelekee mhunzi au fundi seremala alitoe bapa, achonge mpini wa mti mgumu wenye mpasuo, alitumbukize shina la bapa humo, na alipigilie pini mbili badala ya ile moja. Utakuwa umepata kisu cha jikoni kwa gharama ya pini, na mama nyumbani ataacha kukuazima kile kipya.